Aliyewaleta Kamba Bondeni

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya mudugudu mzima (ndivyo mtaa unavyoitwa huku), saa tano asubuhi, jua likiwaka. Na aliyenivua ana magando mawili.

Nawaandikia nyinyi wa chuo, kundi letu hili ambalo mimi hutuma na nyinyi mnasoma. (Najua mnasoma. Zile alama huwa za buluu.) Leo sitatuma picha ya nyumba. Leo natuma aibu.

Kwanza mkumbuke mimi ni nani, ili mjue nimeanguka kutoka juu kiasi gani. Mimi ni Deo. Nimezaliwa Karagwe kwa wazazi Wanyarwanda, nimeuza dagaa kwa baiskeli Mwanza, nimejisomesha mwenyewe mpaka diploma ya uvuvi na ufugaji wa samaki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Miaka minne iliyopita nilirudi Kigali na mabegi mawili. Leo nina duka la chakula cha samaki pale Sonatubes, na nyumba ya vyumba vinne huku Gahanga, vigae vyekundu, geti la chuma. Naishi humo peke yangu. (Vyumba vitatu vina mwangwi.)

Tena kila kilicho changu nimekiandika DEO DIP. kwa rangi nyeupe. Hiyo "Dip." ni diploma, kwa ambaye hajui. Toroli: DEO DIP. Madumu ya maji: DEO DIP. Jembe, kwenye mpini: DEO DIP. Hata viti vyangu kumi na viwili vya plastiki, ambavyo bado viko ndani ya nailoni, nimeviandika chini ya kalio. (Hakuna aliyewahi kuja kuazima kitu. Lakini siku akija, atajua amekitoa wapi.)

Sasa, leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa mlioko mbali: siku hiyo ni umuganda. Watu wote wa mtaa hutoka asubuhi na majembe, mnafanya kazi moja ya pamoja, halafu mnakaa chini kwenye mkutano. Na mkutano wa leo ulikuwa na ajenda moja niliyoingoja mwezi mzima: kuchagua mlinzi wa bonde. Mtu wa kuangalia kijito na matuta ya mboga kule chini.

Niliitaka nafasi ile. Si kwa ajili ya ukubwa. (Sawa, kidogo kwa ajili ya ukubwa.) Mlinzi wa bonde huitwa kila nyumba. Tuta likivuja, anaitwa. Maji yakichafuka, anaitwa. Akifika anawekewa kiti, anaulizwa habari za kwao. Mimi miaka minne hapa sijaingia kwa mtu, na mtu hajaingia kwangu. Tunasalimiana barabarani, basi, kila mmoja anashika njia yake. Nilitaka mtu mmoja tu aniite nyumbani kwake, hata kama ni kwa sababu ya matope.

Na silaha nilikuwa nayo. Tangu mvua hizi zianze, bonde letu limeingiwa na kamba wa maji baridi, wale wekundu wenye magando kama nge. Watu hapa wanawaita hivyohivyo, nge wa maji. Wanatoboa matuta, maji yanakimbia, mboga zinanyauka huku mvua inanyesha. Wanakula mayai ya samaki, wanakula majani ya majini, na wamewafukuza kaa wetu wa kijitoni mashimoni mwao. Nani mwingine Gahanga angeweza kueleza jambo hilo kitaalamu? Mimi. Mimi peke yangu.

Nikavaa buti za mpira zilizong'arishwa. Nikachukua jembe. Nikachukua na diploma. (Ndiyo, ile yenyewe. Nimeitia kwenye plastiki ngumu, maji hayapiti. Nyamazeni.)

Kazi ilikuwa kufukua kijito. Niliwekwa karibu na matuta ya Bibi Veredi, mama mzee mwembamba anayelima sukuma na karoti pale chini, na ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni ujanani. Alikuwa amechutama kwenye chemchemi anayochota maji, anatazama shimo tupu.

"Habari ya asubuhi, Bibi."

"Kaa yangu haiko," akasema, bila kuinua kichwa. "Miaka yote iko hapa. Mimi nakuja na ndoo, yeye anatoka kwenye shimo, ananiangalia. Akitoka, najua maji iko sawa. Sasa ndani iko hiyo mwekundu."

Akaingiza kijiti shimoni. Gando jekundu likakikamata.

"Nitakusaidia, Bibi," nikamwambia. "Mimi nina diploma ya hawa."

Akanitazama kuanzia buti mpaka kichwani. "Diploma inashika maji?"

Nikacheka kwa heshima. Kufikia saa nne tulikuwa tumejaza ndoo nzima ya kamba. Nikaomba ndoo hiyo ipelekwe mkutanoni, kama kielelezo. Niliibeba mwenyewe.

Mkutano ulikaa kwenye nyasi, kando ya ukuta wa shule. Gaspari, mkuu wa mudugudu, mtu mnene mpole mwenye kofia ya majani, akauliza nani ana la kusema juu ya bonde. Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza swali.

Mkalimani wangu alikuwa Hajji Saidi, fundi cherehani, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa. Namhitaji kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha kununulia vitunguu. Nikikitumia mkutanoni watoto hucheka, na wazazi wao huwasaidia.

Nikachomeka jembe ardhini kando yangu, nikaanza. Nilieleza jamii ya kamba huyu. Nilieleza pumzi yake, uzazi wake, jinsi jike anavyobeba mayai chini ya mkia. Nilieleza jinsi anavyomnyang'anya kaa shimo na chakula mpaka kaa anatoweka. Dakika tano. Hajji akageukia watu, akasema maneno manne.

"Umewaambia nini?" nikamnong'oneza.

"Nimewaambia ni wabaya na wanazaana."

"Na pumzi?"

"Pumzi wanajua wanayo."

Nikaendelea. Gaspari akainua mkono. "Bwana Deo. Mimi nauliza moja. Hii kitu imetoka wapi? Mimi nimezaliwa hapa, sijaiona."

Hapo ndipo nilipopataka. Nikainua sauti. "Imeletwa na mtu! Hawana mabawa hawa. Kuna mtu aliwafuga mahali, akawaacha wakatoka."

"Mtu gani?"

"Mtu asiye na elimu!"

Watu wakaguna. Niliona wanapendezwa. Nikaongeza moto. "Napendekeza hivi. Atafutwe. Akipatikana, mudugudu mzima uende kwake, leo leo. Tukaushe alipowafugia. Na yeye atupikie wote chakula, tule tukiwa kwake! Na kila asubuhi ashuke bondeni kutega mitego mpaka wa mwisho."

Hili Hajji alilitafsiri lote. Makofi. Gaspari akauliza wanaokubali, mikono yote ikaenda juu, ya kwangu ikiwa ya juu kuliko zote. Mwandishi wa mudugudu, binti mmoja makini sana, akaandika kwenye daftari. Nilimwambia aandike "leo leo" mara mbili. Akaandika.

Ningekaa chini hapo, jamani. Ningekaa tu. Nafasi ilikuwa yangu.

Lakini mtaalamu haachi somo bila kielelezo. Nikatia mkono ndooni, nikamtoa kamba mkubwa kuliko wote, dume la zamani, limejaa tope mgongoni. Nikalisuuza kwenye beseni la maji ya kunawia. (Kielelezo lazima kiwe safi. Tulifundishwa.) Nikaliinua juu, tumbo kwangu, mgongo kwa watu.

"Tazameni vizuri mgongo wake," nikasema. "Mgongo wa kamba ndio unaosema kila kitu!"

Shingo zikarefuka.

"Ukiusoma mgongo huu, unajua mara moja ametoka wapi!"

Hajji hakutafsiri. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikadhani ameguswa na elimu.

Mama mmoja wa mbele akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Mwingine akasema, "Yewe we!" Kicheko kikaanzia kushoto kikaenda kulia, kama moto kwenye nyasi kavu. Nami nikacheka pamoja nao! Miaka minne sikuwahi kuwachekesha watu hawa, na sasa nimewapata wote kwa mkupuo. Nilimzungusha kamba polepole, wa pembeni nao wamwone.

"Bwana Deo," akasema Gaspari, kwa upole uleule. "Geuza. Angalia na wewe."

Nikageuza.

DEO DIP.

Kwa rangi nyeupe. Herufi zangu. Ile P ilikuwa imebanduka kidogo juu. Vinginevyo, kazi safi.

Macho ya watu yakatoka kwa kamba yakaenda kwenye jembe. Yakatoka kwenye jembe yakarudi kwa kamba. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Akina Deo ni wengi."

"Ee," akasema Gaspari. "Na Dip?"

Sasa lazima niwaeleze nyinyi jambo ambalo hata mkutanoni sikulieleza. Mwanzo wa masika nilifanya sherehe ya kumaliza kuijenga nyumba. Nilinunua viti kumi na viwili. Nilimwagiza dereva wa gari la mboga aniletee beseni la kamba hai kutoka maziwa ya kaskazini, kwa sababu niliwahi kuwaona wakiliwa hotelini na watu wa suti. Nilichapisha kadi zenye maandishi ya dhahabu, nikazipitisha chini ya mageti ya majirani alfajiri, nisiwasumbue. Nikapika nusu ya beseni. Nikakaa kuanzia saa nane.

Saa kumi na mbili bado nilikuwa nimekaa.

Nilikula watatu. Waliobaki hai nilishindwa kuwachemsha. Walikuwa wananitazama na yale macho yao ya juu ya vijiti. Nikawamimina kwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba. Jioni moja, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikawaandika jina langu kwa brashi ya rangi ya kucha. Jioni nyingine nikaweka kiti pale. Nikawa nawasimulia habari za dukani. (Mnakumbuka ile picha ya machweo niliyowatumia mkanyamaza? Ilipigwa pale.)

Kisha wakaanza kupungua. Nikasema ni korongo anawala. Mimi! Mtu wa diploma! Na ule ukurasa niliusoma chuoni, na mtihani niliufaulu: kamba huyu, usiku wa mvua, hutoka majini akatembea nchi kavu mpaka maji mengine. Ukurasa wote nilikuwa nao kichwani. Lakini nilipokuta bwawa lina wachache, sikuufikiria ukurasa. Nilifikiria: hata hawa wameondoka.

Ndipo hapo mkutanoni, kamba mkononi, gando limenibana kidole gumba (sikuwa hata nasikia), nikasema sentensi moja.

"Ni wa kwangu."

Hajji Saidi akageukia watu, akatafsiri. Akatafsiri. Akatafsiri tena. Hotuba yangu ya dakika tano ilikuwa imepata maneno manne. Maneno haya matatu yakapata robo saa. Sijui aliwaambia nini. Geti lake na langu yanatazamana. Nadhani anaona taa za nyumba yangu, ile moja inayowaka. Nilichoona ni kwamba vicheko vilipungua, kisha vikakoma, na yule mama wa mbele akawa ananitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa jirani.

Gaspari akakohoa. "Iko kwenye daftari," akasema. "Leo leo."

"Mara mbili," akaongeza yule binti.

Basi tukapanda kilima, mudugudu mzima na majembe, mimi mbele na ndoo. Tulipofika kwenye geti, Gaspari akasimama. Wote nyuma yake wakasimama. Nikafungua geti. Hawakuingia.

"Ingieni basi," nikasema.

"Hatuingii kwa mtu hivi," akasema Gaspari. "Sema."

Neno lenyewe nalijua tangu nazaliwa. Lakini kwenye geti lile sikuwahi kulisema, na lilipotoka, lilitoka jembamba.

"Karibuni."

(Ni vumbi tu. Barabara yetu haina lami.)

Wakaingia. Jamani, walivyoingia! Wengine wakaanza kufungua mfereji wa bwawa, wengine wakakagua jiko, wengine wakabisha hodi kwenye vyumba vyenye mwangwi wakicheka sauti zao. Viti vikatolewa. Bibi Veredi akapewa cha kwanza, akakaa, nailoni ikalia chini yake.

"Kiti inalia."

"Ni kipya, Bibi."

"Ulinunua leo?"

"Masika."

Akanisubiri. Nikasema. "Niliwaalika. Niliwawekea kadi getini."

"Ile karatasi?" Akapiga kofi pajani. "Mimi nafikili ni kanisa mpya! Kila wiki wanatupa karatasi!"

"Kumbe ilikuwa kadi," akasema Hajji kutoka kwenye mlango wa jiko, kwa aibu kidogo. "Karatasi nzuri ile, ngumu. Nimeifanya kipimo cha kukatia mifuko ya suruali. Mpaka leo naitumia."

"Mimi nilisoma," akasema Gaspari. "Nilisoma vizuri, iko dhahabu. Nikasema, huyu mtu atakuja. Mtu anakuja, anakaa kwangu, anakunywa kitu, anasema: siku fulani, mje. Nikangoja. Wewe ulipitisha chini ya geti kama baridi."

Diploma ilikuwa bado kwapani.

Bwawa likakauka. Walibaki kamba sita humo, wawili wenye jina langu. Wengine walikuwa wamejivua gamba wakajivua na mimi. Nikapika maharage na viazi, sufuria mbili, kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema. Na kamba nikawachemsha pia. Hakuna aliyewagusa isipokuwa Gaspari, aliyetafuna gando moja kwa muda mrefu.

"Ni kama kula ufunguo," akasema, akalirudisha kwenye sahani.

"Hajji, wewe?"

"Mimi? Siwezi kula mwenye diploma."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwenye ndoo, maana viti vyote kumi na viwili vilikuwa na watu.

Kabla hawajaondoka walimchagua mlinzi wa bonde. Ni Bibi Veredi, ambaye hakumaliza darasa la tatu. Mimi ni mtega mitego wake. Nilisimama nikamweleza ukweli, kitaalamu, kwamba kamba hawa wakishaingia mtoni kuwamaliza ni vigumu sana, pengine haiwezekani, na kaa wake huenda asirudi.

"Basi utakuja kila siku," akasema. "Kesho saa kumi na mbili mimi nabisha hapa. Halafu unashuka na mimi, unakunywa chai kwangu, tunaenda kuangalia lile shimo. Leta jembe. Ile yenye jina."

Wakaondoka saa tisa, kwa mkupuo mmoja kama walivyokuja. Sasa ni saa kumi na moja. Nyumba imerudi kuwa kubwa. Kidole gumba kimevimba. Bwawa ni tope tupu, na nimegundua kuwa jioni yangu haina pa kukaa. Viti viko uani kwa duara, vilevile walivyoviacha, na nailoni zote hazipo: kina mama wamezichukua kufunikia miche. Sijavirudisha ndani. Niliinua kimoja, nikakirudisha chini.

Kwa hiyo, wenzangu, mtu mwenye diploma ya samaki ameharibu kijito kwa sababu hakubisha hodi kwa jirani. Hilo chuoni hatukufundishwa, au lilifundishwa siku niliyokuwa nauza dagaa.

Naomba msicheke. Au chekeni, lakini chekeni kwa maandishi, nione.